Msuluhishi Akitoka Nje ya Mkataba: Haki Yako ya Kwenda Mahakamani

Hii ni hotuba ya afisa wa Ofisi ya Wakili wa Kaunti katika kikao cha mafunzo kwa wakandarasi, vyama vya ushirika na kamati za miradi ya wadi. Tumeichapisha kwa kuwa wakazi wengi waliouliza kuhusu mada hii hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze kuhusu ukurasa mmoja wa mkataba. Si ukurasa wa bei, kwa maana huo mnausoma vizuri. Si ukurasa wa tarehe za malipo, huo mnausoma mara mbili. Nazungumzia ule wa karibu na mwisho, ambao wengi huufunua upesi wakitafuta mahali pa kutia sahihi. Huko ndiko kunakoandikwa kwamba mzozo ukitokea, hamtakwenda kortini, mtakwenda kwa msuluhishi.

Msuluhishi si mpatanishi. Mpatanishi huwakalisha chini mkaelewana wenyewe, na msipoelewana kila mtu hurudi kwake. Msuluhishi huwasikiliza, hupokea ushahidi, kisha huamua. Uamuzi wake kwa lugha ya sheria huitwa tuzo, ingawa kwa aliyeshindwa hauna ladha ya zawadi. Tuzo hiyo inawafunga nyote wawili, na Mahakama Kuu ikishaitambua, hutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Katiba yetu, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia hizi za kutatua mizozo. Ni jambo jema. Usuluhishi unaweza kwisha kwa miezi pale ambapo kesi ingechukua miaka, na mambo yenu ya biashara hayasomwi hadharani. Lakini mamlaka ya msuluhishi hayatoki kwa Katiba peke yake. Yanatoka kwenu, kwa mkataba wenu na kwa mzozo mliompelekea. Mlichompa ndicho alicho nacho. Je, akiamua jambo ambalo hamkumpa? Hilo ndilo somo letu leo.

Mama mwenye bahasha

Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa na ofisi ndogo ya uwakili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi moja aliingia mama mmoja, mkandarasi, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na tuzo.

Mama huyo alikuwa amemjengea mtu ghala. Wakakosana kuhusu malipo ya mwisho, shilingi laki nane, na mkataba wao ukawapeleka kwa msuluhishi. Msuluhishi alikataa dai lake la laki nane. Hilo ni sawa, kila mzozo una anayeshindwa. Lakini hakuishia hapo. Alimwamuru mama alipe milioni mbili na nusu kwa sababu ya kazi nyingine kabisa, nyumba ya ndugu ya mwenye ghala, ambayo haikutajwa kwenye mkataba wa ghala wala kwenye barua ya kupeleka mzozo kwa msuluhishi.

Nilimuuliza maswali mawili. La kwanza: "Mama, siku habari ya nyumba ile ilipoletwa mbele ya msuluhishi, ulipinga?" Akasema, "Nilijibu nilivyoweza. Nilidhani msuluhishi anajua kazi yake." La pili: "Tuzo hii uliipata lini?" Akahesabu kwa vidole. "Huu ni mwezi wa tano."

Nikajua tumechelewa. Muda wa kuomba tuzo ibatilishwe ulikuwa umekwisha. Tulijaribu kujitetea wakati mwenzake alipokuja mahakamani kuitekeleza, kwa maana sheria inaacha nafasi hiyo pia, lakini alikuwa amelijibu dai lile bila kulipinga, na tulishindwa. Mama yule aliuza lori lake.

Alikuwa na hoja nzuri ambayo haikutumiwa kwa wakati wake. Ndiyo sababu nilipoombwa kuja hapa sikusita.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995, Kifungu cha 10, inaanza kwa kuzifungia mahakama mlango: hazitaingilia usuluhishi isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Kifungu cha 35 ndicho kinachofungua dirisha. Kinataja sababu ambazo Mahakama Kuu inaweza kubatilisha tuzo. Kwa mfano, mkataba wa usuluhishi haukuwa halali, upande mmoja haukupewa taarifa au nafasi ya kusikilizwa, kulikuwa na udanganyifu au hongo, au tuzo inapingana na maslahi ya umma. Miongoni mwa sababu hizo iko hii ya leo: tuzo imeamua mzozo ambao haukukusudiwa, au ina maamuzi kuhusu mambo yaliyo nje ya kile kilichopelekwa kwa msuluhishi.

Kipo pia Kifungu cha 29, kinachomwagiza msuluhishi aamue kulingana na masharti ya mkataba husika, akizingatia desturi za biashara hiyo. Hawezi kuuweka mkataba kando na kuamua kwa kile anachoona ni haki tu, isipokuwa nyinyi wenyewe mmempa ruhusa hiyo waziwazi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hupoteza pesa za wakili. Kukosea ni jambo moja, na kutoka nje ya mkataba ni jambo jingine.

Tuseme mkandarasi amepewa kazi ya kujenga vibanda 20 vya soko. Mkataba unasema atalipwa siku 60 baada ya kukabidhi kazi. Mzozo unatokea: kukabidhi ni siku ya kutoa funguo, au ni siku mhandisi alipotia sahihi cheti? Msuluhishi anaamua ni siku ya funguo. Huenda amekosea. Huenda mimi na wewe tungeamua vingine. Lakini swali hilo lilikuwa lake kulijibu, nanyi ndio mliompa. Ukienda mahakamani kwa hoja hiyo, jaji atakwambia hakukaa pale kusikiliza rufaa. Mwaka 2002, katika kesi ya Christ for All Nations dhidi ya Apollo Insurance, Jaji Ringera alieleza kwamba kosa la msuluhishi katika kufasiri sheria au mkataba haliwezi kugeuzwa kuwa suala la kukiuka maslahi ya umma. Uamuzi huo umerejelewa mara nyingi tangu wakati huo.

Tuseme sasa msuluhishi yuleyule anasema: "Zaidi ya hayo, mkandarasi alipwe milioni tatu za awamu ya pili ya soko." Na awamu ya pili haikuwa na mkataba, wala hakuna aliyempelekea. Hapo hajakosea kusoma. Ameingia shamba la jirani na kuvuna. Jambo hilo mahakama italisikiliza.

Na ikiwa tuzo imechanganya, laki tisa za vibanda vilivyojengwa na milioni tatu za awamu isiyokuwapo? Sheria haisemi yote itupwe. Yakiweza kutenganishwa, mahakama hupeta kama mama na ungo wake: yaliyo ndani ya mkataba hubaki, yaliyo nje huondolewa. Kwa hiyo usiende mahakamani ukitarajia kusamehewa deni unalodaiwa kihalali.

Katikati ya mifano hii miwili kuna eneo la ukungu. Mfano ni msuluhishi anayetoa riba kubwa kuliko ile mliyoandika. Mmoja atasema ameusoma mkataba vibaya, mwingine atasema ameupuuza kabisa. Majaji hutazama mambo matatu: kipengele cha usuluhishi kimeandikwaje, barua na hoja za madai zilileta nini mbele ya msuluhishi, na je, swali hilo lilijadiliwa na pande zote mbili? Ikiwa ulilijadili kwa kirefu na hukusema kuwa halimo, ni vigumu kuja baadaye kusema halikuwa lake.

Kesi mbili za kutufunza

Kesi inayotajwa zaidi nchini kuhusu jambo hili ni ya Nyutu Agrovet na Airtel. Nyutu ilikuwa na mkataba wa kusambaza simu zenye nembo ya Airtel. Mzozo ulizuka kuhusu oda za takriban shilingi milioni 11, mkataba ukavunjwa, na msuluhishi akateuliwa. Februari 2011 aliipa Nyutu tuzo ya zaidi ya shilingi milioni 541.

Airtel ilikwenda Mahakama Kuu. Mwaka uohuo wa 2011 jaji aliibatilisha tuzo yote, akisema ilikuwa na maamuzi kuhusu mambo yaliyo nje ya mkataba wa usambazaji na nje ya yaliyopelekwa kwa msuluhishi. Nyutu ilipokata rufaa, Mahakama ya Rufaa mwaka 2015 ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa sababu Kifungu cha 35 hakitaji rufaa yoyote. Ndipo kesi ikafika Mahakama ya Juu.

Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi ambao mawakili wanautumia hadi leo. Ilisema kwamba kwa kawaida Mahakama Kuu ndiyo kituo cha mwisho. Lakini liko dirisha jembamba: rufaa inaweza kuruhusiwa pale Mahakama Kuu yenyewe ilipofanya kosa zito na la wazi, lililomfungia mtu mlango wa haki kabisa. Kesi ikarudishwa Mahakama ya Rufaa. Tangu siku ya tuzo, karibu miaka tisa ilikuwa imepita.

Siku hiyohiyo Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine ya aina hiyo, Synergy Industrial Credit dhidi ya Cape Holdings, iliyohusu ununuzi wa majengo Riverside Drive, Nairobi. Msuluhishi alitoa tuzo ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2016 kwa sababu ileile, kwamba msuluhishi alipita mipaka. Iliporudishwa Mahakama ya Rufaa kupitia dirisha lile jembamba, mwaka 2020 mahakama hiyo iliupindua uamuzi wa Mahakama Kuu, na tuzo ikarejea.

Yaani jambo lilelile, jaji mmoja aliliona liko nje na majaji wengine wakaliona liko ndani. Kampuni kubwa zina uwezo wa kungoja miaka tisa. Je, kikundi chako cha akina mama kinaweza? Chama chako cha wafugaji kinaweza? Kwa hiyo ulinzi wako wa kwanza hauko mahakamani. Uko kwenye mkataba, na uko kwenye ulimi wako siku ya kikao cha msuluhishi.

Mambo ya kufanya

Kwanza, andika kipengele cha usuluhishi ukijua unachoandika. Maneno "mzozo wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao" ni mapana sana. Yanampa msuluhishi karibu kila kitu kati yenu kinachogusa mkataba huo. Maneno "mzozo kuhusu ubora wa kazi" ni membamba. Yote mawili ni halali, chagua ukiwa macho. Na kama mnataka kuwa na haki ya kukata rufaa kuhusu suala la sheria, Kifungu cha 39 kinawaruhusu kukubaliana hivyo katika usuluhishi wa ndani ya nchi. Msipokubaliana, haki hiyo hamna.

Pili, mzozo ukitokea, soma barua inayoupeleka kwa msuluhishi kama unavyosoma hatimiliki ya shamba. Jambo lisilokuhusu likiwamo, lipinge kwa maandishi.

Tatu, pinga mapema. Kifungu cha 17 kinasema ukidai msuluhishi hana mamlaka kabisa, sema kabla ya kupitisha hati yako ya utetezi au pamoja nayo. Ukidai ametoka nje ya mipaka katikati ya shauri, sema mara tu jambo hilo linapoletwa. Usiogope kwamba ulishiriki kumteua. Sheria inasema hilo halikuzuii. Akiamua pingamizi lako kama suala la awali nawe hukuridhika, una siku 30 kwenda Mahakama Kuu. Lakini ukijua kuna kasoro na ukaendelea kimya, Kifungu cha 5 kinakuhesabu kuwa umeiacha haki yako. Mama yule wa bahasha alinyamaza kwa heshima. Sheria haikuiona heshima, iliona ukimya.

Nne, hesabu miezi mitatu. Ombi la kubatilisha tuzo lazima lifikishwe Mahakama Kuu ndani ya miezi mitatu tangu ulipopokea tuzo. Na hapa kuna mtego. Mara nyingi msuluhishi huwaandikia kwamba tuzo iko tayari, njooni mlipe ada muichukue. Watu husubiri, wakitafuta pesa za ada. Mahakama zetu zimeamua mara kadhaa kwamba saa huanza kuhesabu siku mlipoarifiwa kuwa tuzo iko tayari, si siku mlipoichukua. Barua hiyo ikifika, izungushie wino mwekundu kwenye kalenda, kisha mwone wakili wiki hiyohiyo.

Tano, kama tatizo ni kosa la hesabu au la uchapishaji, huhitaji mahakama. Kifungu cha 34 kinakupa siku 30 kumwomba msuluhishi mwenyewe asahihishe. Hata ombi likiwa tayari mahakamani, jaji anaweza kusimamisha shauri ili msuluhishi apewe nafasi ya kurekebisha kasoro.

Mikataba ya kaunti

Nimalize na mikataba mnayotia sahihi na sisi, serikali ya kaunti. Hapa pesa zinazobishaniwa ni zenu mara mbili: wewe mkandarasi unadai jasho lako, na wewe mkazi ndiye mlipa kodi atakayelipa tuzo ikitolewa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka mkataba uwe wa maandishi na uliotiwa sahihi. Mabadiliko ya mkataba hayana nguvu mpaka yaidhinishwe kwa maandishi na mamlaka iliyotoa zabuni, na nyongeza zote kwa pamoja hazifai kupita asilimia 25 ya bei ya awali. Kwa hiyo afisa akija kwenye eneo la ujenzi akakwambia, "Ongeza darasa moja, tutaelewana," mwambie kwa adabu akuletee barua. Si kwamba namshuku. Ni kwamba bila barua, siku mtakapokosana, darasa hilo halimo kwenye mkataba. Hata ukipata msuluhishi mwenye huruma akakulipa, upande wa kaunti utakwenda Mahakama Kuu kusema ametoka nje ya mkataba, na wajibu wetu wa kulinda pesa za umma utatulazimu kusema hivyo. Jasho lako litakuwa la kweli, saruji utakuwa umeinunua kwa pesa zako, na bado unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nasema hivi nikiwa upande wa kaunti, nikijua tunaweza kulaumiwa. Lakini kanuni hiyohiyo inakulinda wewe pia. Kaunti nayo haiwezi kumwomba msuluhishi akukate pesa kwa kosa la mradi mwingine ambao haumo kwenye mkataba huo. Ikijaribu, pinga siku hiyohiyo, na ukihitaji, uende mahakamani dhidi yetu bila woga.

Na kamati za miradi ya wadi, ninyi ni macho yetu. Mkiona kazi inaongezeka na bango la mradi halijabadilika, ulizeni. Swali moja linaloulizwa mapema kwenye baraza ni rahisi kuliko kesi ya miaka tisa.

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba ndio daftari lenu. Leo mkifika nyumbani, toeni mikataba mliyo nayo, ya kodi ya duka, ya kuuza maziwa, ya kujenga kalivati, mfungue ule ukurasa wa karibu na mwisho. Someni kilichoandikwa kuhusu msuluhishi: atateuliwa na nani, na ataamua nini. Msipouelewa, ulizeni kabla mzozo haujaja.

Sasa nitapokea maswali, na ninaomba tuanze na mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja habari ya bahasha.